Magadi Kidogo Tu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bi Povu aliijua methali hiyo tangu utotoni, na sasa alikuwa na miezi kadhaa nyumbani kwa mwanawe wala hajaonyeshwa hata mpini. Akishika ufagio, mkwe wake anaupokea kwa mikono miwili. Akisogelea vyombo, anakuta vimeshasuuzwa na kufunikwa. "Mama, pumzika," ndivyo anavyoambiwa, kwa sauti laini kabisa, kisha analetewa mto wa kuegemeza mgongo. Mwanamke aliyefua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu, leo anapewa mto!

Jina la Bi Povu alipewa na wenzake kule kwenye chumba cha kufulia, kwa sababu hakuiamini nguo ambayo haijatoa povu. Daktari angeweza kuapa kwamba shuka limechemshwa na vijidudu vyote vimekufa. Yeye angelirudisha kwenye beseni. Alikuwa na ulimi mkali na mkono mwepesi, na wote walimpenda kwa hayo mawili.

Mkwe mwenyewe hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Mkwe mkorofi unajua pa kumshikia. Huyu alikuwa mpole mno. Aliuza dawa kwenye duka la njia panda, akirudi jioni miguu imemvimba, na bado swali lake la kwanza ni kama Mama amekula. Kila asubuhi alimwamkia kwa adabu kama anayemwamkia mwalimu mkuu. Tangu mama yake mzazi alipofariki, mwaka uliotangulia, alikuwa amezidi kunyamaza, na Bi Povu alijisemea moyoni kwamba binti huyu anamvumilia tu. Mtu wako humvumilii, unaishi naye.

Rafiki yake wa zamani kazini alikuwa amepanga vyumba viwili, na kimoja kilikuwa kitupu. "Njoo tuzeekee hapa tukigombana," alimwambia kwenye simu. Bi Povu aliahidi kumpa jibu Jumapili. Mwanawe hakumwambia. Alitaka kwanza kuwa na hakika kwamba nyumba ile haikuwa yake, na kila siku ilipopita alizidi kuwa na hakika.

Mkwe alikuwa na jambo moja la kumfurahisha, nalo ni picha za jua. Alichanganya dawa mbili za maji, akazipaka kwa brashi kwenye karatasi nzito, akazikausha ndani ya kabati gizani. Kisha alilaza jani juu ya karatasi, akalifunika kwa kioo, akapanda nalo hadi juu ya paa la ghorofa, pale penye kamba za nguo, akaliacha lipigwe na jua. Palipofikiwa na jua paligeuka buluu iliyokolea. Palipofunikwa na jani palibaki peupe. Mwisho karatasi iliingia kwenye beseni la maji, dawa isiyochomwa na jua ikatoka, picha ikabaki. Hapakuwa na kamera wala wino. Mwanawe Bi Povu, fundi wa majokofu na mtani asiyechoka, alikuwa akisema kwamba kwao mama anafua mashuka na mke anafua karatasi, kwa hiyo yeye amezungukwa.

Bi Povu alizipenda picha zile. Alikuwa na dosari moja tu ya kuisema, na hakuisema kwa kuwa mgeni hasahihishi: ule weupe haukuwa mweupe sawasawa. Ulikuwa na unjano kwa mbali. Shuka la namna hiyo yeye asingelianika.

Jumapili hiyo mkwe alitoka alfajiri na kurudi na kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa kibichi. Ndani mlikuwa na jani la mpapai lenye vidole vyake vyote, kishina cha mrehani wenye maua, na mchaichai. Vilitoka uani kwa marehemu mama yake. Ndugu zake walikuwa wameiuza nyumba, na mnunuzi alitaka kufyeka kila kitu ajenge.

"Walikuwa wameshika mapanga tayari, Mama," alisema huku akifungua kitambaa. "Walikaa ukutani wakanisubiri nimalize kuchuma."

Alitoa karatasi kubwa kuliko zote, akayapanga majani juu yake polepole. Bi Povu alimwona akiugusa mrehani, akiuweka, akiuondoa, akiuweka tena. Alipanda nayo juani, na aliposhuka, majani yalikuwa yamenyauka na kugandamana na kioo. Aliyabandua, akaitia karatasi ndani ya beseni bafuni, na hapo hapo simu ikalia. Mwenzake dukani ameugua ghafla, wagonjwa wamejaa mlangoni, funguo za kabati la dawa anazo yeye. Mumewe alikuwa ametoka kutengeneza jokofu la muuza nyama. Mkwe alisimama katikati ya bafu, mikono inachuruzika maji, akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama, nisaidie. Isuuze vizuri mpaka weupe utakate, halafu uilaze kwenye taulo."

Bi Povu alihisi kama mtu aliyeitwa kazini upya. "Nenda, mwanangu," alisema. "Hili niachie mimi."

Mlango ulipofungwa, alikunja mikono ya gauni, akapiga magoti mbele ya beseni. Alibadilisha maji. Unjano ulitoka, buluu ikazidi kukolea, vidole vya mpapai vikajitokeza kimoja kimoja na mishipa yake. Alibadilisha tena, na tena. Akaona fahari, kwa kweli, mpaka akaimba kidogo. Lakini ule weupe, ukiutazama kwa jicho la kazi, ulikuwa bado na rangi ya maziwa ya jana. Na yeye alikuwa ameambiwa utakate. Kazi ya kwanza kupewa katika nyumba hii, airudishe nusunusu?

Chini ya sinki palikuwa na magadi ya kufulia, ya kung'arishia nguo nyeupe. Alichukua kidogo tu, kwa ncha za vidole, akayatia kwenye maji na kuyakoroga kwa upole.

Buluu iligeuka zambarau. Bi Povu akadhani ni mwanga wa dirishani. Kisha ikawa kijivu, kisha ikaanza kuondoka, ikitoka kwenye karatasi kama mtu anayetoka chumbani bila kuaga. Aliinyakua karatasi, akamwaga maji, akafungua bomba, akasuuza na kusuuza huku akiiomba isimame. Haikusimama. Mwisho alikuwa ameshika karatasi ya manjano hafifu yenye jani la manjano hafifu zaidi, la kuonekana na anayejua tu kwamba lilikuwepo.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini dobi hakubali haraka. Alikumbuka ile buluu inayotiwa mashuka meupe, akaikoroga kwenye kikombe, akadondosha tone moja pembeni mwa karatasi. Ilitanda pale ikawa doa. Buluu ile haikujua wapi pana jani na wapi hapana. Bi Povu aliweka kikombe chini, na kwa mara ya kwanza tangu kuhamia humo, alilia. Sasa kile chumba angekihitaji kweli.

Mwanawe ndiye aliyerudi kwanza. Alitazama karatasi, akamtazama mama yake, akaelewa yote kabla hajaambiwa.

"Mama jamani! Si tulikwambia upumzike?"

Hakukusudia ubaya, lakini maneno yalimwingia mama mtu mpaka ndani. Naye fundi alipoliona hilo alijaribu kuziba ufa kwa haraka, kama kawaida yake.

"Basi sikiliza. Tutasema ilikuwa inakauka juu ya paa, upepo ukaichukua."

"Upepo hautumii magadi," alijibu Bi Povu. Alijikaza kisabuni, akanawa uso. "Nitamwambia mwenyewe."

Mkwe aliporudi mchana alimkuta amesimama mlangoni, karatasi iko juu ya taulo mikononi mwake.

"Mwanangu, nimeiharibu. Nilitaka itakate, nikatia magadi kidogo. Rangi yote imetoka."

Mkwe aliitazama ile karatasi kwa muda. Bi Povu alisubiri ile sauti laini, ile ya kusema haidhuru, Mama, nenda ukakae. Aliiogopa kuliko kitu kingine chochote.

"Magadi?" mkwe alisema. Halafu akapaza sauti mpaka fundi akashtuka huko sebuleni. "Magadi! Nani kakwambia utie magadi? Nilisema usuuze! Kusuuza na magadi wapi na wapi? Mama, huwezi kukiacha kitu kilivyo? Lazima ukisugue mpaka kiishe? Pale hakuna kitu tena! Wamefyeka hata mzizi! Hata mzizi, Mama!"

Alitupa mkoba, akaingia bafuni, akaketi kwenye sakafu yenye maji na kulia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. Mumewe aliingia mitini. Alikwenda jikoni akafungua jokofu na kulichungulia kana kwamba limeharibika. Bi Povu alibaki peke yake ukumbini na taulo lake. Aliumia, tusidanganyane. Lakini chini ya maumivu palikuwa na kitu kingine, cha joto, ambacho hakukitazamia na hakujua akiiteje. Aliingia bafuni, akaketi kwenye maji pembeni mwa mkwe wake.

Baadaye mkwe alijifuta pua kwa mkono wa blauzi, akaichukua karatasi na kuielekeza dirishani.

"Bado ipo," alisema. "Iliyoondoka ni rangi tu. Dawa yenyewe bado imo ndani. Niliwahi kusoma kwamba chai inaweza kuirudisha. Si buluu, ni rangi nyingine. Sijawahi kujaribu."

"Chai ya maziwa?"

"Mama!"

"Nimeuliza tu."

"Chai ya rangi! Kali, usitie sukari. Mimi nakaa nayo bombani, maana hayo magadi yako lazima yatoke yote kwanza. Nenda basi, unanitazama nini?"

Bi Povu alikwenda upesi kuliko magoti yake yalivyopenda. Akiwa jikoni anamimina majani ya chai bila kupima, simu yake ililia. Ni yule rafiki, anataka jibu la chumba.

"Siwezi kuongea sasa," alimwambia. "Nimetumwa."

"Umetumwa na nani, mtu mzima wewe?"

"Na mkwe wangu," alisema Bi Povu, na akaikata.

Chai ilikuwa nyeusi. Waliichuja, wakaipoza, wakaimimina kwenye beseni safi, kisha mkwe akaizamisha karatasi. Walipiga magoti wawili, mabega yakigusana kwa kuwa bafu lilikuwa dogo. Kwa muda hapakutokea kitu. Bi Povu alitaka kuikoroga, akakalia mkono wake. Ndipo pembeni pakaanza kuingia kahawia, polepole, ikatambaa na kukolea, na katikati yake jani la mpapai likasimama, kidole baada ya kidole, jeupe la kimaziwa. Mchaichai ukafuata. Mrehani ukaja mwisho, na maua yake madogo, isipokuwa moja lililofutika kabisa.

"Huo hapo," mkwe alinong'ona. "Ulikuwa mlangoni kwake. Ukipita lazima ukuguse." Kisha akainamia pembeni. "Na hili doa la buluu ni nini?"

"Buluu ya mashuka," Bi Povu alikiri. "Nilijaribu kuipaka upya."

Mkwe alimtazama, na kicheko kikamtoka kikiwa kimechanganyika na kwikwi. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kilipomwisha, aliangalia mikono yake.

"Mama, nisamehe. Nimekupandishia sauti. Sikulelewa hivyo."

"Usiniombe msamaha. Miezi yote nimekaa humu ninaletewa mto. Leo ndiyo mara ya kwanza umenigombeza, na mwenzio nimejiona niko nyumbani."

Mkwe alinyoosha mkono, akalikaza bomba lililokuwa likidondoka.

"Na mama yangu tulikuwa tunagombana kila siku," alisema. "Chumvi, mapazia, nywele zangu, kila kitu. Tangu tumzike sijagombana na mtu. Wewe nilikuwa nakuogopa. Nilihofia nikikuzoea, nitakuwa nimemsahau."

Bi Povu alimshika mkono, ule uliokuwa na rangi ya chai mpaka kwenye kiwiko.

"Humsahau. Utanisimulia habari zake, na mimi nitamjua. Lakini wa kugombana naye, mimi nipo."

Mkwe aliinamisha kichwa, kikakaa begani kwa mama mkwe wake, na wakakaa vile. Kisha akakiinua ghafla na kunusa.

"Mama! Sufuria umeliacha motoni?"

"Nimezima."

"Hukuzima! Linaungua, nasikia harufu mpaka huku!"

"Hiyo siyo sufuria," alisema Bi Povu, akiinuka kwa kushika ukingo wa sinki na kuelekea jikoni. "Ni hayo majani ya chai yako ya bei rahisi. Tangu nije nilitaka kukwambia."