Prosesa Iliyoachwa Kikapuni

Jumapili mchana kompyuta ya Hidaya ilizimika katikati ya swali la kumi na nne la Jiografia, na haikuwaka tena. Fundi Davis akaja, akaifungua, akainusa, akasema prosesa imeungua. Ndiyo akili ya mashine, alieleza, na Kigoma nzima hakuna inayokaa kwenye bodi ile. Waagize Dar kwa mtandao. Wakilipa Jumatatu, basi litaileta Jumatano, na yeye ataifunga kwa nusu saa tu.

Kwa kazi nyingine Hidaya angevumilia. Lakini mtihani ule ulikuwa wa mwalimu Gervasi, Mrundi aliyefundisha darasa la mwisho kambini Nyarugusu. Ilikuwa 2016, mwaka wa pili tangu Warundi waanze kuvuka kwa wingi, na kambi ilikuwa na wanafunzi wengi kuliko vitabu. Gervasi alimwachia mtihani wa majaribio ulioandikwa kwa mkono kwenye daftari, pamoja na ramani yake, auchape na kutoa nakala mia moja na ishirini. Angeufuata Ijumaa kwa kibali cha siku moja cha kutoka kambini, na Jumatatu watoto wangeufanya. Hidaya alimpa neno lake. Tangu afungue kibanda chake cha stesheneri pale Ujiji, hakuna aliyewahi kumwamini kwa kazi ya maana namna ile; wengi walikuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, nayo hata hiyo ilitoka kwa printa inayotegemea kompyuta ile ile.

Pesa ilikuwepo, tena yake mwenyewe, ila ilikaa kwenye laini ya mumewe, Luqman, kwa kuwa namba hiyo ndiyo iliyobandikwa mlangoni wateja walipie. Na Luqman alikuwa ameuza vitenge sokoni miaka ishirini. Kumwambia mtu huyo anunue kitu kwa bei ya kwanza ni sawa na kumwambia atoke nje bila suruali.

Jumatatu Luqman akafungua maduka matatu kwenye simu. La kwanza lilitaka laki moja na themanini na tano. La pili laki moja na sabini, lakini ukifika mwisho linaongeza elfu arobaini za usafiri, jambo ambalo Luqman aliliita wizi mara tatu. La tatu laki moja na sabini na tano, usafiri humohumo. Hidaya akasema ni hilo la tatu, lipa tumalize. Luqman akasema haraka haraka haina baraka, akaiweka prosesa kwenye kikapu cha mtandaoni, akazima simu, akaenda zake sokoni.

Jumanne akalinganisha upya, kana kwamba bei zingejionea haya usiku na kushuka. Hazikushuka. Jumatano asubuhi Hidaya akamuuliza anasubiri nini hasa.

"Anipigie," Luqman alisema.

"Nani?"

"Mwenye duka. Namba yangu anayo, na ameona nimeushika mzigo nikauacha. Muuzaji gani anaona mteja anageuza mgongo akanyamaza? Biashara maelewano."

Hidaya akakaa chini. Kumbe siku zote tatu mume wake, mtu mzima mwenye akili timamu, alikuwa anaondoka taratibu kwenye duka la mtandaoni kama wanavyoondoka wateja wake wa vitenge, ametega sikio aitwe nyuma. Akamweleza kwamba duka lile halina macho, ni mashine. Luqman akajibu kwamba nyuma ya kila mashine kuna mtu, na mtu ana njaa. Hidaya alitaka kucheka, akashindwa. Hata wangelipa saa ile, prosesa ingefika Ijumaa jioni.

Alhamisi akapanda bodaboda hadi mjini kuomba kompyuta ya kuazima. Stesheneri mbili zilikuwa na foleni, na ya tatu wakamtajia bei iliyozidi malipo yote aliyopatana na mwalimu. Akarudi Ujiji mikono mitupu.

Ijumaa saa nne Gervasi akafika, shati lake limepigwa pasi, vumbi la njia ya Kasulu limejaa viatuni. Akamsalimu, "Mwaramutse, mama." Hidaya akamrudishia daftari na kumwambia ukweli wote, isipokuwa habari ya kikapu, kwani aibu nyingine hazisemeki. Mwalimu hakugomba. Heri angegomba. Aliangalia saa yake tu. Kibali kilikuwa kinaisha saa kumi na mbili jioni.

"Si kitu, mama. Nitauandika ubaoni."

"Na ramani?"

"Na ramani. Watoto wa nyuma watasogea mbele kwa zamu."

Gari alilopanda mwalimu lilikuwa halijafika hata Mwandiga, nje kidogo ya mji, Luqman alipokuja mbio kutoka sokoni, simu mkononi. Binti wa duka la Dar alikuwa amepiga. Ameona mteja ameacha bidhaa kikapuni, na akilipia leo anapunguziwa. Luqman akaiziba simu kwa kiganja, uso umemng'aa.

"Sikukwambia? Elfu kumi nzima, Hidaya."

"Mpelekee mwalimu Gervasi," Hidaya alisema, "akanunulie chaki."