Mzee wa Mkahawani

"Soma tena," Garth alisema. "Soma kwa sauti, si ndo muigizaji wewe."

"Sisomi. Nimeshakwambia walipindisha maneno."

"Walipindisha wapi? Picha yako hii hapa, umeshika shavu kama mtu anayeumwa jino. Na maneno yako haya hapa chini yake."

Marnie akataka kucheka, akajizuia, maana kaka yake hakuwa anatania. Kelele zao zilishavuka ukuta zamani. Bi Edna wa nyumba ya pili alikuwa kazima redio ili asikie vizuri. Garth akalivuta lile jarida lenye mahojiano ya dada yake, akalisoma mwenyewe, tena kwa ile sauti ya London aliyojua inamkera dada yake.

"'Ile ya kugeuza sahani niliitoa kwa mzee mmoja mkahawani. Simjui. Masikini, alikuwa anageuza kila sahani anaangalia chini, kama anatafuta jina lake. Nikasema, huyu nitamtumia.'" Akalitupa mezani. "Simjui, anasema. Mzee mmoja. Masikini."

Sasa, hapa Stoke, mji wa viwanda vya sahani na vikombe, nani asiyegeuza sahani? Harusini watu wanageuza, ukweni wanageuza, unaangalia chapa chini ujue imetoka kiwanda gani ndo unakaa. Na baba yao, Clive Colclough, ndo kabisa. Miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kuipiga hiyo chapa, sahani baada ya sahani, mpaka kiwanda kikafungwa. Mpaka leo hata msibani anageuza kisahani cha keki.

Kwa hiyo siku ile Marnie anapiga ile filamu ya matajiri, kavalishwa hariri, kamera zinazunguka, watu arobaini wamenyamaza, mkono wake ukajiendea wenyewe. Ukachukua sahani tupu iliyokuwa mbele yake, ukaigeuza. Akajua kaharibu, kazi imeisha. Dairekta akasema iache hivyohivyo, usiiguse. Na sasa nchi nzima inaongelea hiyo sahani kuliko filamu yenyewe.

"Ungesema tu ni baba," Garth akasema. "Neno moja."

"Neno moja?" Marnie akasimama. "Unajua hilo neno linanigharimu nini? Miaka mitatu, Garth. Nimeigiza maiti mara mbili. Demu wa mwizi mara nne. Nikapewa mfanyakazi wa ndani, sentensi moja tu, 'Gari limefika, bibi,' nayo wakaikata. Nikifungua mdomo wakisikia Stoke, wananipa ufagio. Wakala wangu akaniambia Colclough hakuna anayeweza kulitamka, jiite Cole. Wakikuuliza baba yako anafanya nini, sema mhandisi. Nimesema hivyo, wiki sita tu, nikapata hii. Kwa hiyo usinifundishe mimi."

Hilo likamzidishia Garth hasira. Maana ni kweli, walichomfanyia dada yake ni dhuluma ya mchana kweupe, na angempata huyo wakala angemshika kola. Lakini wakala hayupo hapa Stoke. Aliyepo ni baba.

"Unajua kaenda wapi saa hizi?" akauliza. "Kaenda kununua nakala kumi. Za wenzake wa klabu. Jana kapita kwa kinyozi, Marnie, kwa ajili ya jarida ambalo yeye hata hayumo kwenye picha. Anaamini umemtaja."

Marnie akakaa. "Basi nitamwambia mwenyewe. Kabla hajasoma."

"Akiingia tu. Usimpe chai, usimpe stori. Mwambie, 'Baba, yule mzee ni wewe, nilikuonea aibu, nisamehe.' Kesho unawaambia na hao wa jarida."

"Nitamwambia."

Mlango ukafunguka. Clive akaingia na mzigo wa majarida kwapani na mfuko wa vichapati vya unga wa oti, bado vya moto. Akatundika koti lake la kahawia kwenye msumari, lile la viraka viwili kwenye viwiko, alivyovishona mwenyewe.

"Mtaa mzima mnausikilizisha," akasema. "Bi Edna kaniuliza kama tuna msiba."

Akapanga sahani tatu. Moja akaigeuza, akaiangalia chini, akairudisha mezani taratibu.

"Nimesoma kituoni," akasema. "Basi lilichelewa. Nikasoma mara mbili."

Clive akamwangalia binti yake, wala hakukunja uso.

"Huyo mzee wa mkahawani, mwanangu. Alikuwa kavaaje?"

Garth akaelewa papo hapo. Baba alikuwa anampa nafasi. Hata kuomba radhi hakuwa na haja, aseme tu ni wewe, yaishe, wale chapati. Garth akamkazia macho dada yake. Sema. Sema basi.

Marnie akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ni ile ya London, safi, nzuri, haina hata chembe ya nyumbani.

"Sikumbuki vizuri, baba. Koti la kahawia, nadhani."

Garth alitamani aipindue meza na vyote vilivyokuwa juu yake. Clive akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei na ameikubali. Akasimama. Akalichukua koti kwenye msumari, akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

"Baba, kaa," Garth akasema. "Chapati zinapoa."

"Baba," Marnie akasema, na safari hii lilitoka kwa lafudhi ya Stoke.

Clive alishafika mlangoni.

"Kuleni tu nyie," akasema. "Mzee masikini hali kwa watu wasiomjua."

Akatoka, akaufunga mlango.