Yai Ndani ya Kiazi

Mtoto alikuwa anakula vitu vitatu tu: mkate mweupe ulioondolewa kingo, maziwa ya vuguvugu, na kiazi cha kuchemsha kilichopondwa bila chumvi wala mafuta. Basi. Kitu kingine kikisogezwa karibu na sahani yake, aliziba pua, macho yakamjaa machozi, na ukimbembeleza zaidi alitapika papo hapo. Watu walisema ni deko. Mama yake, aliyeshona nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yao, aliyajua macho ya mtoto anayedeka. Haya yalikuwa macho ya mtu anayeogopa.

Majirani walimwita mtoto Kidoti, kwa alama nyeusi aliyokuwa nayo shavuni, na wazazi wakawa Mama Kidoti na Baba Kidoti. Alikuwa na miaka mitano, mchangamfu, mwenye maswali kama hakimu. Lakini kila mama yake alipompima gauni jipya, utepe wa kupimia ulimzunguka kiuno ukabaki mwingi mkononi, na roho ya mama ikaruka. Wateja aliweza kuwafariji kwa maneno matamu kuhusu miili yao. Yeye mwenyewe hakuwa na wa kumfariji.

Mama mkwe alipokuja kukaa nao, mambo yakawa mazito.

"Mnamlea kama yai," alisema siku ya kwanza tu, akitazama sahani ya mjukuu. "Mnyimeni siku moja, kesho atakula hata mawe."

"Mama, tulishajaribu," Mama Kidoti alijibu kwa upole. "Alilala na njaa, akaamka nayo, na bado hakugusa. Aliyeshindwa ni mimi."

Bibi akasonya. Baba Kidoti, mchomeleaji wa mageti, mtu mpole asiyependa makelele baada ya kushinda nayo kazini, aliinamia sahani yake. Lakini maneno ya mama yake yalimchoma.

Jumamosi moja Mama Kidoti alikwenda kumpelekea mteja sare. Aliporudi alisikia kilio tangu njiani. Aliingia mbio, viatu miguuni. Kidoti alikuwa amejibanza pembeni mwa kabati, anajifuta ulimi kwa pindo la gauni, anafuta na kufuta. Baba yake amesimama na kijiko, kama mwizi aliyekutwa na kuku kwapani.

"Umemwekea nini?"

"Yai," alisema kwa sauti ndogo. "Kiini tu, nikakiponda na kiazi. Nilitaka apate nguvu."

Siku iliyofuata mama alichemsha kiazi kitupu, akakiponda vilevile kama siku zote. Kidoti alikinusa, akaisukuma sahani.

"Kuna kitu ndani."

"Hakuna, mwanangu. Nimepika mwenyewe."

"Hata baba alisema hakuna."

Na haikuishia kwenye kiazi. Mkate nao Kidoti alianza kuuchambua, akiinua kila kipande kwenye mwanga wa dirisha kana kwamba anatafuta sindano, mpaka akauacha kabisa. Yakabaki maziwa. Kila kikombe kilipokwenda mdomoni, mama yake alishikilia pumzi. Haya nayo akiyakataa, tutashika wapi? Kwenye cherehani alishona mikono miwili ya upande mmoja kwenye shati moja, akalazimika kufumua. Mumewe alipojaribu kumsemesha, alimjibu bila kuinua uso: "Alituamini mimi na wewe tu duniani. Sasa hamwamini yeyote."

Walimpeleka kliniki wote watatu, bibi naye hakukubali kubaki. Daktari, mama wa makamo, alimpima mtoto, akasikiliza kila kitu bila kuwakatiza.

"Ni ukaidi, daktari," bibi alidakia.

"Bibi, ukiambiwa umeze mende sasa hivi, utameza?"

Bibi akaziba mdomo kwa kiganja.

"Basi hivyo ndivyo anavyosikia yeye. Si kwa kupenda kwake." Daktari aliwageukia wazazi. "Msimlazimishe, na msimfiche kitu tena. Kwanza imani yake irudi. Nitampa dawa ya kuongeza damu, mkimwambia wazi kwamba ni dawa. Mtamleta nimpime kila wiki. Akiacha maziwa, msingoje wiki iishe. Njooni siku hiyohiyo."

Walipofika nyumbani, Baba Kidoti alichuchumaa mbele ya binti yake. "Nilikudanganya. Niliweka yai nikasema sikuweka. Nisamehe."

Bibi alikohoa, maana enzi zake mzazi hakuwa anamwomba mtoto msamaha.

Kidoti alimtazama baba yake. "Usinipikie tena."

"Sikupikii."

"Nitapika mimi."

Basi ikawa hivyo. Kidoti alichagua viazi mwenyewe, akaviosha, akavitia sufuriani. Baba aliruhusiwa kuwasha jiko na kumwaga maji ya moto, baada ya kuonyesha viganja vyote viwili vitupu. Kisha mtoto alikaa kwenye kigoda kulinda sufuria. Bibi alipotaka kupita kuchota maji, aliambiwa, "Bibi, pita mbali," na bibi akapita huku mgongo ukisugua ukuta, kicheko kimembana.

Siku ya kwanza alikiponda kiazi, akakitazama, akaondoka. Siku ya pili vilevile. Mama Kidoti hakumbembeleza, akarudi kwenye cherehani. Siku nyingine mtoto aligusa kwa ncha ya ulimi. Halafu mchana mmoja, mama akikanyaga pedali kwenye cherehani isiyo na uzi ili tu asionekane anatazama, alisikia kijiko kikikwangua sahani. Kikakwangua tena. Hakugeuka. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye kitambaa cha mteja.

Mkate ulichelewa kurudi. Mizani ya kliniki ilipanda kidogo, ikasimama, ikapanda tena. Baba na mama walianza kuzungumza kama zamani, kwanza kuhusu mageti na vifungo, baadaye kuhusu wao wenyewe. Lakini wasiwasi wa Mama Kidoti haukwisha. Kila asubuhi alipomimina maziwa alisimama palepale, sufuria mkononi, mpaka Kidoti achukue kikombe, achungulie ndani, na kunywa.