Nakala ya Ofisi

Kama kuna kitu Kokuberwa hakukipenda duniani, ni kuambiwa kazi yake ya kivivu. Na hilo ndilo aliloambiwa na Madam Elinaza, mwalimu wao wa Kiingereza kidato cha tano, mbele ya darasa zima, siku alipompelekea rasimu yake ya kwanza.

"Kazi ya kivivu hii. 'Watu wengine wanasema.' 'Baadhi ya mafundi wanaona.' Kina nani hao? Wana majina? Utafiti usio na majina ni umbea, Koku. Umbea wa Kiingereza, lakini umbea."

Darasa likaangua kicheko. Koku akarudi kukaa, masikio yanawaka moto. Shule ilikuwa Kibamba, kwao Manzese, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikwenda nalo neno lile, umbea.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kurasa kumi: chagua swali, tafuta watu, wahoji, halafu uandike kwa Kiingereza na uonyeshe kila neno umelitoa wapi. Nusu ya darasa walipakua mtandaoni, wakabadilisha majina ya miji, wakaenda zao kucheza. Koku si wa hivyo. Yeye alichagua swali la kwao: kwa nini karakana ndogo za bati hazikui? Maana nyuma ya nyumba aliyopanga mama yake, kandokando ya mtaro, walikuwapo mafundi bati waliogonga tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Walitengeneza matranka ya wanafunzi wa bweni, majiko ya mkaa, makarai. Kelele zake, we acha tu. Lakini Koku alizaliwa akazikuta, na siku zikinyamaza alikuwa hasomi vizuri.

Mkubwa wao alikuwa Mzee Apolinari. Koku alimwita Babu Apo, ingawa hawakuwa na damu moja. Walitoka Bukoba wote, basi. Lakini baba yake Koku alipofariki, ni huyo mzee aliyekaa mbele kwenye msiba kama ndugu wa marehemu, akapokea rambirambi, akasimamia mpaka mwili ukafika nyumbani. Mambo hayo hayasahauliki.

Kwa hiyo alianza naye.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo na daftari?"

"Nataka kukuhoji. Ya shule."

Mzee akacheka, akakaa juu ya kipande cha reli alichokuwa akikunjia mabati. Koku akauliza jina kamili, akauliza mwaka alioanza kazi. Akauliza, "Leseni unayo?" Hapo mzee akaacha kucheka. Akamtazama mtoto, akatazama daftari.

"Haya ni ya shule tu?"

"Ya shule tu, Babu."

"Basi andika. Leseni sina. Nilishaendaga kuulizia, wakaniambia leta karatasi za eneo. Karatasi za mtaro nitazitoa wapi mie?"

Wenzake wakacheka. Na mzee akishaongea, wewe kijana utabaki umefumba mdomo unamwogopa nani? Wote kumi na mmoja waliongea. Walitaja majina yao na ya baba zao, miaka waliyokaa pale, na nani hana leseni, yaani wote. Hata Stephano, aliyekuwa akitoka Kimbiji kila Jumatano kuja kugonga majiko yake na kurudi nayo kuyauza huko, akaomba aandikwe. "Msinisahau na mie," alisema. "Na mie fundi."

Koku akachora jedwali. Safu tano, mistari kumi na moja, na pembeni maelezo madogomadogo yaliyopendeza kuyasoma. Madam Elinaza alipoliona alitikisa kichwa kwa raha.

Sasa sikia, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Nchi hii hukatizi mitaani na daftari kuuliza watu maswali bila kwanza kupita ofisini. Shule ilimpa Koku barua ya utambulisho, naye, kabla hajamhoji mtu hata mmoja, akaipeleka serikali ya mtaa kugongewa muhuri. Mtendaji alikuwa kijana mstaarabu, akiitwa Godlisten, shati limenyooshwa vizuri. Aligonga muhuri wake, akasema lile wanalosemaga siku zote:

"Ukimaliza, utuletee nakala ya ofisi."

Waulize wanafunzi wa vyuo wanaogongewa mihuri kila mwaka. Nani anarudi? Wanaondoka na muhuri wao, nakala hawaleti, na mtendaji mwenyewe keshasahau. Ni maneno tu, ya kumalizia mazungumzo. Lakini Kokuberwa, binti mwenye nidhamu, asiyependa kuambiwa mvivu, alirudi. Jamani! Alirudi na nakala yenye jalada la plastiki.

Godlisten akafunua kurasa mbili tatu, akakuna kidevu. "Dada, Kiingereza chenu hiki kizito. Sie huku tunafanya kazi kwa Kiswahili. Hebu nitafsirie hata hili jedwali tu."

Hakusema kwa ubaya. Na Koku hakusikia ubaya. Alisikia mtu mzima, mwenye ofisi, anataka kusoma kazi yake. Alikwenda nyumbani akalitafsiri lote, akalipigisha chapa steshenari, akalipeleka kesho yake.

"Safi sana," mtendaji akamwambia. "Hata watu wa chuo hawajawahi kutuletea kitu kama hiki."

Akatoka pale kichwa kimevimba. Mama yake alipomuuliza mbona anajichekea peke yake, akasema amefurahi tu.

Zikapita wiki tatu. Shule ikafunga. Jumatano moja asubuhi, Koku akiwa anaosha vyombo uani, akashangaa nyundo zimenyamaza zote kwa pamoja. Akajifuta mikono, akatoka.

Mgambo walikuwa sita. Mbele yao alisimama bwana mmoja mwenye fulana ya kuakisi mwanga, na karatasi mkononi. Alikuwa anasoma kwa sauti, mmoja mmoja, kama anayeita mahudhurio darasani.

"Apolinari Rweyemamu. Miaka thelathini na moja. Hana leseni. Eneo la mtaro."

Fundi akiitwa anaitika, anapewa karatasi yake: siku tatu awe ameondoa kila kilicho chake, akikaidi kitaondolewa. Koku alisimama karibu na ukuta, akidhani bado ni bahati mbaya tu, watu wa mipango miji wamepita. Mpaka bwana yule alipofika mstari wa mwisho.

"Stephano Mkude. Huja Jumatano tu, kutoka Kimbiji."

Sentensi ile aliijua. Ofisi gani duniani ingejua kwamba Stephano huja Jumatano tu? Aliiandika yeye, kwa Kiingereza kwanza halafu kwa Kiswahili, kwa sababu Madam alisema maelezo madogomadogo ndiyo yanayoonyesha mtafiti alifika kweli.

Mgambo walipoondoka, mafundi wakakusanyika.

"Nani katuchoma?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, braza. Huyu ni wa humuhumu. Wanatujua mpaka majina ya baba zetu!"

Macho yote yakaenda ng'ambo ya njia, kwenye duka la vigae la Yazid. Yazid alikuwa na ugomvi nao wa siku nyingi. Alisemaga wateja wake hawasikilizani kwa hizo nyundo zao. Alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa, na alipoona wanamtazama akakiweka chini.

"Wallahi vile, mie simo," alisema. "Kelele nazilalamikia, sikatai. Lakini kumkatia mtu riziki? Mie nina watoto!"

"Lisemwalo lipo, Yazid!" Stephano akapiga kelele, na nyundo anayo. Wenzake wawili wakawa nyuma yake. Mke wa Yazid akatokea dirishani, akaanza kuita majirani.

Tuseme ukweli, tusimpambe mtoto: Koku alifikiria kunyamaza. Yazid hakuwa ndugu yake wala rafiki yake. Wangemsukumasukuma, wangemtukana, yangepita. Nani angejua? Waliodesa kazi zao mtandaoni walikuwa nyumbani kwao saa ile, hawajamuumiza mtu. Aliyeumiza watu ni yeye aliyefanya kazi yake vizuri, na wazo hilo lilimchoma.

Stephano akakanyaga kibaraza cha Yazid.

"Ni mie!" Koku akasema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Si yeye. Ni mie, Babu. Nilipeleka nakala ofisini. Waliniomba jedwali, nikawatafsiria."

Stephano akashuka kibarazani taratibu, nyundo imening'inia mkononi. Mmoja wa mafundi akatema mate chini, akasema, "Mchuma janga hula na wa kwao," na hakuna aliyemkanya.

Koku alikuwa analia sasa, analia kwa sauti kama mtoto mdogo, huku anaeleza barua, muhuri, nakala, mtendaji alivyomsifia. Maelezo yalizidi kumfanya aonekane mjinga, na aliyasema yote. Alitaka Babu Apo amtukane. Alitaka amzabe kibao pale pale, mbele za watu, yaishe.

Mzee Apolinari alikuwa amekaa juu ya kile kipande cha reli. Karatasi yake ya siku tatu ameikunja mara nne, ameitia mfuko wa shati. Alimwacha alie mpaka akapungukiwa na pumzi.

"Ile kazi ya shule," akamwuliza. "Mwalimu kashasahihisha?"

Koku akaitika kwa kichwa.

"Ulipata ngapi?"

"Babu, nisamehe..."

"Nakuuliza ulipata ngapi."

"Tisini na mbili."

"Katika mia?"

"Katika mia."

Mzee akawageukia wenzake. "Mmesikia? Tisini na mbili." Ng'ambo ya njia Yazid alikuwa anafunga milango ya duka lake, na saa nne ilikuwa haijafika.

Kisha akamgeukia Koku tena, na usoni hakukuwa na hasira wala kejeli. Alikuwa anauliza kweli, na alikuwa tayari kungoja jibu.

"Na hizo nane," akasema, "sie tulikujibu vibaya wapi?"