Somo la Kuinua Mdomo

Siku mbili nzima sisi wauguzi wa kliniki ya watoto tulifundishwa kuinua mdomo wa juu wa mtoto na kukagua meno, na kwamba kulala na chupa ya juisi huyaozesha. Mtoto wa kwanza niliyemwinua mdomo, meno manne ya mbele yalikuwa yamebaki vigutu vyeusi. Damu ikanichemka.

"Mama, nani kakwambia umlaze mtoto na chupa ya juisi?"

Mama yake wala hakukasirika. "Si wewe mwenyewe, nesi? Mwaka jana alikuwa anatema dawa, ukaniambia nimchanganyie na juisi, anyonye mpaka alale. Ndiyo akazoea hivyo."

Kidole changu kilikuwa bado kimeushika ule mdomo. Nje, kwenye mabenchi, kina mama kumi na wanane walikuwa wanasubiri. Wote niliwafundisha mimi, hivyo hivyo.