Fomu Iliyokosa Nafasi

Wiki nzima muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi alizunguka na fomu mbili za shahada ya uzamili mkobani: ya biashara, aliyong'ang'aniziwa na shemeji yake, na ya uongozi wa hospitali. Zote ziliuliza, "Kwa nini unataka kusoma fani hii?"

Ya biashara aliikodolea macho mpaka chai ikapoa. Hakuandika hata neno.

Ya pili aliianza kwa hasira: funguo za stoo ya oksijeni zinalala nyumbani kwa mtunza stoo, mashuka yanarudi mabichi kutoka kufuliwa, wajawazito wanapanga foleni tatu! Nafasi ikaisha, akageuza karatasi.

"Umechagua ipi, mama watoto?" mumewe akauliza.

Akashusha pumzi, akatabasamu. "Niongezee karatasi, baba."