Waya wa Msusi

Trekta lilishushwa Jumamosi asubuhi kwa mbao mbili na kelele za watu sita, na kila aliyelisukuma akajifanya bingwa wa matrekta. Mmoja alisema ni la miaka ya hamsini. Mwingine akasema hapana, la sitini, tazama usukani. Wa tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, aliapa kwamba injini yake ni ya meli. Ubishi mtupu. Lilikuwa limepakwa rangi ya buluu juu ya nyekundu, nyekundu juu ya kijani, na kibati cha jina kilikuwa kimeng'olewa zamani, yamebaki matundu manne. Mwenye mali hakuwa na habari nao. Alikuwa akilizunguka tu na kupapasa matairi, meno yote nje, mwanamume wa miaka ishirini na minne ambaye alikuwa akitaka trekta tangu ajue kusema neno hilo.

Wakamwambia awashe wasikie. Akakataa. Baba yake mdogo, aliyekuwa amesimama kando na mfuko wake wa spana, alimfundisha hivyo tangu utotoni: mashine usiyoijua huiwashi. Kwanza uijue ni nani, ndipo uiguse. Wale sita wakaguna, wakanywa maji, wakaondoka.

Huyu baba mdogo watu walimwita Msusi, na jina lina sababu yake. Kila fundi ana mwandiko wake, na wa kwake ulikuwa waya. Pale wenzake walipozungusha waya mara mbili na kukata, yeye alichukua nyuzi tatu za waya laini, akazisuka kama nywele za msichana wa shule, kisha akaikunja ncha ndani isimkwaruze mtu. Karakana nzima ilimtania kwamba amepotea njia, angefungua saluni. Alicheka nao, akaendelea kusuka. Pale nyumbani kwa shemeji yake, mjane wa kaka yake, kazi zake zilikuwa kila mahali: mpini wa ndoo, komeo la banda la kuku, mguu wa kiti cha jikoni. Zote zimesukwa, na hakuna hata moja iliyowahi kulegea.

Na tuseme haki, alikuwa mwema kwa nyumba ile. Kaka yake alipofariki, mtoto akiwa na miaka miwili, ni Msusi aliyeziba paa, aliyempeleka mtoto shule, aliyemtia spana mkononi kabla hajajua kushika kalamu sawasawa. Shemeji mtu alikuwa akiwaambia majirani kwamba Mungu alimnyang'anya mume mlevi akamwachia shemeji mwenye akili. Msusi akiyasikia hayo alikuwa anajikuna shingo na kuuliza kama chai bado ipo.

Basi kazi ya kwanza ilikuwa kulitambua hilo trekta. Mwenye duka la vipuri alishasema kwenye simu kwamba bila namba asisumbuliwe, maana mwaka mmoja tu ukikosea unauziwa chujio lisiloingia. Msusi alijua pa kutafuta: upande wa kushoto, chini, kwenye chuma kinachounganisha injini na giaboksi. Kijana akapiga magoti, akasugua kwa brashi ya waya na dizeli, rangi tatu zikatoka moja baada ya nyingine. Kisha akapaka chaki juu ya chuma na kufuta kwa kiganja, chaki ikabaki ndani ya mikwaruzo, na tarakimu zikajitokeza nyeupe. Akaanza kuzisoma kwa sauti, na baba yake mdogo akaziandika kwenye kipande cha boksi.

Kijana alikuwa amefika ya tano aliposita, akilini akibishana kama ni sita au nane. Msusi akatazama kile kipande cha boksi. Mkono wake ulikuwa umeshaandika zote saba.

Namba ile aliijua kama anavyojua jina la mama yake. Aliiandika kwenye kadi za matengenezo miaka kumi na moja, kule shambani kwa tajiri, yeye akiwa fundi na kaka yake akiwa dereva. Lilikuwa la kijani wakati huo.

Akasema, "Ni nane, mwanangu," akampa kile kipande, akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Trekta lina breki mbili, kila gurudumu la nyuma na yake, na kila breki inavutwa na chuma kirefu kinachofungwa kwenye pedali kwa pini. Pini isichomoke, inatiwa kota pini, kijichuma kidogo cha kukunja, kitu cha kijinga kabisa. Jioni ile, miaka ishirini na miwili iliyopita, Msusi alimaliza kutengeneza breki, akaenda stoo, kota pini hamna. Akasema atafunga waya kwa usiku mmoja. Upande wa kushoto akasuka nyuzi tatu, kama kawaida yake. Alipofika kulia waya ukawa umemwishia, na king'ora cha kutokea kazini kilikuwa kinalia, akazungusha uzi mmoja tu. Kesho asubuhi na mapema, alisema moyoni, nitaweka za kweli. Asubuhi na mapema alikuwa kitandani. Hakuumwa, hakufiwa, alilala tu. Kaka yake akatoka na tela la kuni, na kwenye mteremko trekta likageuka ghafla upande mmoja, likapinduka juu yake.

Msimamizi alipouliza, alimwuliza Msusi kwanza, ndugu wa marehemu na tena fundi. Msusi akasema jana yake kaka alikuwa amekunywa. Si uongo, vikombe viwili alikunywa. Likaandikwa hilo hilo: ulevi. Mjane akatolewa kwenye nyumba ya kazini ndani ya wiki, mtoto akakua akiitwa mwana wa mlevi, na mama yake, ambaye alikuwa amegombana na mumewe juu ya pombe hizo hizo, akamzika akiwa amemkasirikia. Hakuweka picha yake ukutani. Jina lake halikutajwa ndani ya nyumba ile.

Na Msusi? Hakwenda kulitazama trekta. Liliuzwa likiwa chuma chakavu, naye akakataa kulitazama, kwa sababu asiyeona anaweza kujiambia chochote. Huenda waya ulishika. Huenda ilikuwa pombe kweli. Ndivyo alivyoishi, mwoga huyo, na usingizi aliupata.

Siku mbili zilizofuata alimshughulisha kijana na kila kazi iliyo mbali na pedali. Wakafungua tangi la mafuta wakakuta tope. Wakamwaga oili ya injini; kwanza yakatoka maji, ndipo ikafuata oili nyeusi, nzito. Wakachomoa nozeli zinazopuliza mafuta, wakamimina dizeli kidogo ndani ya silinda, wakaiacha ilale, kisha wakaizungusha injini kwa mkono taratibu mpaka ikakubali. Kijana alifurahi mpaka akamkumbatia. Kila alipouliza lini wataanza breki, aliambiwa bado, rejeta kwanza, bado, grisi kwanza.

Siku ya tatu kijana akaenda mjini kuchukua vipuri. Msusi akatandika gunia, akajiingiza chini kwa mgongo, na mgongo ule ulishakataa mambo hayo miaka mingi. Akapapasa kushoto. Upo. Chini ya rangi mbili, kidole chake kiliutambua waya wake, nyuzi tatu, ncha imekunjwa ndani. Akapapasa kulia. Kile chuma kirefu kilikuwa kinaning'inia, tundu tupu, halina pini wala waya.

Akalia pale chini, kimya, mafuta yakimdondokea shavuni. Kisha akili ikamrudia, na ilikuwa akili mbaya: auondoe wa kushoto kabla mtoto hajarudi. Vyuma vyote viwili vikiwa vitupu, nani atasema kitu? Akaupeleka mkono na plaizi. Rangi imeganda, plaizi ikateleza mara moja, mara mbili, mara ya tatu ikamkata kidole. Mara akasikia mikono inamshika vifundo vya miguu na kumvuta polepole.

"Toka huko, baba. Utaumia bure," kijana alisema. "Hiyo ni kazi yangu."

Akaingia mwenyewe na tochi. Alitoka na kile kipande cha waya, akakichovya kwenye kopo la dizeli, akakisugua, rangi ikabanduka. Akaziona nyuzi tatu zilizosukwa. Kisha akaanza kucheka kwa furaha. Alisema kumbe trekta hili wanajuana na baba mdogo, kumbe limepita mikononi mwake miaka hiyo, na yeye amekaa kimya siku tatu ili amfanyie mzaha. Kijana alikuwa ameshakimbilia jikoni kumwonyesha mama yake.

Angeweza kuondoka. Lango lilikuwa wazi na mfuko wa spana ulikuwa karibu. Alikaa kwenye gunia lake akisubiri, na hilo labda ndilo jambo pekee la kiume alilolifanya katika shauri hili.

Shemeji yake hakutoka mara moja. Alikuwa ameuliza, kwa kudadisi tu, trekta lenyewe namba ngapi, mtoto akampa kile kipande cha boksi. Akaenda chumbani. Chini ya sanduku, mahali ambapo mtu huweka kitu asichotaka kukiona wala kukitupa, palikuwa na kadi ya kazi ya mumewe, na juu yake fundi wa shamba ameandika namba ya trekta. Alipotoka alikuwa ameshika vyote viwili, kadi na kipande cha boksi, namba moja na mwandiko mmoja kwenye vyote. Mtoto alimfuata nyuma, cheko limeanza kupungua.

Alisimama mbele ya trekta. Akamwuliza mwanawe breki ya upande wa pili ilikuwa imefungwa na nini. Akajibiwa haina kitu, waya umechomoka. Akauliza, ukichomoka upande mmoja, inakuwaje.

"Ukikanyaga breki, gurudumu moja tu ndilo linashika," kijana alisema. "Linageuka. Na kwenye mteremko, mama, linapi..." Akamgeukia baba yake mdogo.

"Hata kama dereva hajanywa?" mama aliuliza.

"Hata kama hajanywa."

Mama akatikisa kichwa, kama mtu anayehesabu. Hakumpigia Msusi kelele. Hata sauti hakuipandisha.

"Shemeji," alisema, "miaka ishirini na miwili sijamwombea mume wangu."

Msusi alianza kusema kwamba kota pini hazikuwapo stoo. Akasikia mwenyewe anachosema, akanyamaza.

Kijana aliingia chini ya trekta na kota pini mbili mpya. Alitia ya kushoto, akakunja ncha, akatia ya kulia, akakunja ncha. Siku zote alikuwa akiita, baba njoo uangalie. Safari hii hakuita. Msusi alisubiri kuitwa, mpaka kijana akafuta mikono na kuanza kukusanya vifaa, akizitenga spana za baba yake mdogo pembeni, moja moja, na kuzirudisha kwenye mfuko wake.

Mama alikuwa ameshachukua plaizi. Aliketi kwenye kizingiti cha jikoni, ndoo imebanwa katikati ya magoti, akaanza kufungua ule waya wa mpini. Alivuta, akapinda, akabana, jasho likamtoka. Msusi alipopita mbele yake kwenda langoni bado alikuwa anahangaika nao, na ulikuwa haujalegea hata kidogo. Ule aliufunga vizuri.